Mlango wa Uani na Haki ya Kupita

Mjukuu wangu anasoma sheria chuo kikuu, na mwaka huu wamefika kwenye mali: nani mwenye kitu, nani ana haki ya kukitumia tu, nani ana haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzake. Anasoma kwa Kiarabu, kwa sauti, jikoni kwangu hapa Ghubra, huku Uarabuni, kisha ananifasiria. Anasema akiweza kunifahamisha mie, basi na yeye kafahamu. Mie skuli sikufika mbali, lakini namuuliza mpaka anakereka.

Siku hizo baba yake, mwanangu, alitaka kujenga vyumba viwili vya kukodisha uani. Kiwanja ni changu, marehemu mume wangu aliniandikia, kwa hivyo ilibidi aje kuomba. Tatizo mlango. Ukuta wa uani una mlango mdogo wa kwenda kwa jirani yangu, na kila baada ya sala ya alasiri anapita hapo kuja kunywa kahawa. Akizunguka barabarani, kwa jua hili na magoti yale, hafiki. Vyumba vikijengwa, mlango ndo basi tena.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Jirani ana haki yake. Anapita hapo tangu wewe hujazaliwa."

"Hana, bibi. Wewe umemruhusu tu. Ruhusa haigeuki haki, hata ikikaa miaka mingapi. Mungu akuweke, lakini baada yako baba anaufunga siku ya pili."

"Na nikimpa hiyo haki?"

"Ikiandikishwa, inaganda kwenye ardhi. Hata nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaikuta."

Nikapenda. Kitu kinachomfunga hata nisiyemjua, hicho ndicho kitu. Nikamwambia mwanangu asimwite fundi, kwanza twende tukaandikishe njia ya jirani. Akanuna.

Alasiri jirani alipokuja nikamwambia. Nilidhani atanishukuru. Akaweka kikombe chini.

"Shoga, unaniandikishia njia kama mbuzi wa kwenda malishoni?"

"Nakulinda. Nikifa watakufungia."

"Wafunge! Mie napita kuja kwako. Ukishakufa, nipite nije kwa nani? Kwa mke wa mwanao, anipe ile chai yake ya kifuko?"

Mjukuu wangu akacheka mpaka kitabu kikamwanguka. Mie sikucheka. Nilikuwa na hasira, maana mtu unampa kitu kikubwa anakirudisha kama sahani chafu.

Baadaye nikawaza. Mjukuu wangu alinieleza kuwa haki ni za namna mbili: ipo inayoshika kitu na kukifuata popote kiendako, na ipo ya mtu na mtu, haitoki nje ya hao wawili. Mie niliiona ya kwanza ndiyo kubwa, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Kumbe jirani yangu alikuwa na ya pili, na hakutaka kubadilishana. Ardhi yangu hana haja nayo. Siku nisipokuwepo, ule ukuta kwake ni ukuta tu.

Basi hatukuandikisha kitu. Lakini nikamwambia mwanangu mlango haufungwi nikiwa hai, na jirani akiwa hai.

"Mama, sheria haikulazimishi."

"Najua. Nimeshasomeshwa."

Akajenga chumba kimoja tu, njia ya mlangoni ikabaki. Kila akipita pale ananuna. Anune.