Siku Shangazi Alipoyaimbia Magodoro

Nikipita mahali palipoanikwa mbata, ile harufu nzito ya nazi kavu hunirudisha Bagamoyo, kwenye studio ya kwanza ya mtaa wetu. Nilikuwa na miaka tisa. Bwana Karama, fundi redio, alikodi ghala kuukuu la mbata, akaingiza mashine ya kurekodi, kisha akapita nyumba hadi nyumba akiazima magodoro ya sufi ya kufunika kuta, sauti isije ikavuma. La kwetu nalo likaenda. Tukalalia mkeka.

Wa kwanza kurekodiwa alikuwa shangazi yangu Mwanaidi, mwimbaji wa taarabu. Mfanyabiashara wa santuri alikuja kutoka Dar es Salaam kusikiliza, na basi lake la kurudi lilikuwa la saa saba. Asipopata wimbo wa kuuza, harudi tena, na studio ndiyo imekufa.

Bwana Karama akatutoa nje wanawake na watoto wote. "Nataka kimya!"

Mara ya kwanza shangazi aliimba kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mara ya pili alikwama katikati. Akatoka, jasho linamtiririka.

"Mama, mle ndani hamna mtu," akamwambia bibi.

"Si yumo Karama?"

"Karama anaitazama mashine yake, mpiga fidla nyuzi zake, na yule mgeni saa yake."

Bibi akajifunga kanga kiunoni, akaingia. "We Karama, mwanangu haimbii magodoro. Harusini watu humwitikia."

"Bibi, kelele zitaharibu wimbo!"

"Umeshaharibika. Unaogopa nini tena?"

Yule mfanyabiashara akatazama saa, akacheka, akatupungia mkono tuingie. Tukaketi chini, tumebanana, magoti kwa magoti. Fidla ikaanza, bibi akapiga kigelegele kirefu, na shangazi akainua uso. Aliimba hata Bwana Karama akasahau kufunga mdomo. Basi la saa saba likaondoka bila abiria wake.

Santuri ilipofika, mtaa mzima ulijaa hotelini kuisikiliza. Vikundi vikaanza kuja, hata kutoka Pangani, vikitaka "chumba cha vigelegele". Bwana Karama aliporudisha godoro letu, bibi alimkatalia: "Libaki ukutani. Limeshazoea taarabu."

Wakati ule nilidhani bibi ameshinda mabishano tu. Ukubwani, nilipoiweka tena santuri ile, ndipo nilipoelewa shangazi alikosa nini mle ndani. Nawatambua waitikiaji mmoja mmoja: bibi, mama, majirani, na kisauti chembamba kinachochelewa kila kiitikio. Hicho ni changu.