Kumwitikia Bibi wa Japani

Mama alinilea nikijua kwamba mkubwa akisema, mdogo hunyamaza na kutazama chini. Adabu hiyo nusura inikoseshe Japani.

Nilikuwa nimeomba mafunzo ya mwaka mmoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko. Nafasi ilikuwa moja, na mimi nilishachoka kukaa Usagara na cheti changu cha uuguzi kikilala kabatini. Mwalimu wangu alikuwa fundi magari wa Muheza aliyewahi kuishi Japani miaka mingi. Alinikaririsha maneno ya heshima ya kusikiliza mpaka nikawa nayasema huku nikikuna nazi: ukagaimasu, yaani nitakusikiliza; ukagatte orimasu, ninakusikiliza; ukagaimashita, nimekusikia. Alisisitiza nisichanganye nyakati. Kwa ubishi wangu, nikamwambia mwenye masikio hana haja ya kutangaza kwamba anasikia.

Usaili ulikuwa asubuhi, kwa simu ya video. Nilivaa mtandio mpya, nikaegemeza simu kwenye debe la unga. Akatokea bibi mwenye mvi, mkuu wa nyumba ile. Nilimwamkia vizuri, akaanza kunieleza kazi, nami nikainamisha macho, kimya, mtoto wa watu na adabu zangu. Akasita. Akauliza kama namsikia. Nikasema ndiyo, nikainama tena. Akauliza tena, nikafanya vilevile. Mara ya tatu akasema kwa upole kuwa huenda mtandao ni mbovu, bora tuishie hapo.

Mama alikuwa mlangoni akijifanya anafagia. Kijapani hajui hata neno, lakini uso wa yule bibi aliuona.

"Mwitikie bibi wa watu," akaninong'oneza. "Au umemnunia?"

Nilitamani kumwambia kwamba ni yeye aliyenifunza hivyo. Badala yake nikainua uso, nikasema, "Ukagatte orimasu," na kila bibi alipopumua nikaitikia, "Hai," ndiyo ya Kijapani. Uso wake ukakunjuka. Tulizungumza mpaka chai yangu ikapoa. Alisema wazee wake wengi hawaoni vizuri, wanachotaka ni kujua kwamba kuna mtu yupo.

Mwishoni akaniambia nafasi ni yangu. Nilipomweleza mama alipiga vigelegele, akaanza kuhesabu vitenge vya kunifungashia. Halafu akakaa kitandani, ufagio mkononi.

"Na mimi nikiita humu ndani," akasema, "ataniitikia nani?"