Picha ya ukoo wetu: majoho mawili, kiti kimoja na mkono wa Mama

Wakuu wa baraza, asalaam alaykum.

Leo nawapa kisa changu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Aliyekuwepo akiona nakosea anikatize hapo hapo. Chumvi nitakayotia ni ya kuungia tu.

Mambo haya yalitokea hapa hapa Amu, Lamu kwa wageni, muda mfupi kabla Mwingereza na Mjarumani hawajaanza kupigana. Kaka yangu Athumani alikuwa Unguja, karani kwa tajiri mmoja wa karafuu, na tajiri wake ruhusa ya kuja nyumbani alikuwa akiiahidi tu.

Sasa, barua zetu mnazijua. Paa limeanguka, mbuzi wamekufa, nusu ya nyumba ina homa, na mwandishi anaandika kwa hati nzuri kabisa: sote hatujambo.

Baba alipofariki, wazee wetu kwa busara yao waliona Athumani asishtuliwe. Wakamwandikia kwamba Baba anapumzika. Kweli alikuwa anapumzika, tulishamzika! Athumani akaja kupewa pole na mtu asiyemjua, sokoni, mkononi ana kapu la samaki.

Tangu siku hiyo kila akisoma "hatujambo" anatafuta pa kukaa.

Basi Mama akaugua homa, akapona. Homa tu. Lakini maneno nayo husafiri, na yalipofika Unguja yalikuwa yamenenepa: Bi Rukia amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umekufa.

Tukamwandikia haraka kwamba Mama hajambo. Haya niambieni, mtu huyo atalala usingizi?

Akatuletea maneno kwa msafiri mmoja aliyekuwa anakuja huku: "Barua basi. Nileteeni picha ya Mama, nimuone kwa mato yangu."

Mama alikuwa anashona kofia alipoyasikia. Kofia zake mnazijua, nyingi mmezivaa vichwani. Sindano ikasimama, akalia kidogo, akafuta uso kwa upande wa kanga. Akaniambia, "Mwanangu, nenda katafute mpiga picha. Sitaki mwanangu anililie nami ni hai."

Kazi ikaniangukia mimi.

Wapiga picha walikuwa wawili, msidhani tulikuwa Ulaya. Wa kwanza alikuwa fundi saa, kamera aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Akanionyesha kazi yake: bwana harusi amesimama vizuri, kanzu safi, jambia kiunoni, kichwa hakuna. Nikamuuliza kichwa kiko wapi. Akasema, "Lakini jambia umeliona lilivyotoka?"

Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Wa pili alikuwa Mgoa mmoja, Fundi Kaitani, aliyefika kwa meli kutoka Mombasa na angeondoka kwa meli ile ile ikirudi. Mtu mpole, picha zake zina vichwa. Tatizo ni kwamba sanduku lake lilianguka wakati wa kushusha mizigo, na vile vioo vinavyopokea picha vikavunjika vyote isipokuwa kimoja. Kioo kimoja, picha moja. Ikiharibika, tusubiri meli nyingine, na Athumani aendelee kulia.

Nikarudi nyumbani na habari hiyo. Kosa langu, nikaisema mbele ya wazee.

Wazee wenyewe ni wawili. Ami Shee, ndugu wa marehemu Baba. Na Mjomba Kombo, ndugu wa Mama. Picha ya Mama kwa mwanawe ikageuka pale pale ikawa picha ya ukoo. Ami Shee akaazima joho lenye uzi wa dhahabu. Mjomba Kombo aliposikia akaazima lililo zito zaidi, kwenye joto lile, mashallah.

Kisha likaja suala la kiti. Nyumba yetu ina kiti kimoja cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa pembe za ndovu. Nani akikalie? Ami akasema yeye ndiye mkubwa. Mjomba akasema kiti ni cha baba yake. Nyumba ni ya Mama, wakuu, alipewa na babake siku ya harusi yake, na kiti kikiwa ndani. Lakini hilo halikumjia mtu.

Mama akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Na mimi mwanikalisha wapi?"



Ami Shee akakohoa. "Bi Rukia, mpiga picha ni mwanamume. Lakini usihofu, tutamwandikia Athumani kwamba ulikuwapo nyuma ya pazia."

"Mtamwandikia," Mama akasema.

"Naam. Na kwamba hujambo."

Nikangoja apasuke. Akasema tu, "Haya, fanyeni." Mimi mwanawe ningepaswa kujua hapo hapo kwamba kuna jambo, Mama si mtu wa kusema haya.

Siku ya picha Fundi Kaitani akaomba tutoke nje kwenye jua. Wazee wakakataa katakata. Nje hakuna ukuta wenye nakshi wala sahani za kichina, na Unguja wasije wakadhani tumefilisika. Basi tukapanga mambo kiwandani, ule uwanda wa katikati ya nyumba, kwenye kivuli, kiti mbele ya mlango wa wanawake, ule wenye pazia.

Fundi akatueleza pole pole. Hapa mwanga ni haba, kwa hivyo kamera itakaa wazi kwa muda. Atakayetikisika atatoka kama moshi. Mmenielewa? Tukasema tumeelewa.

Kiti kikabaki kitupu katikati. Ami akasimama kulia, mkono juu ya kiti ili Mjomba asikae. Mjomba akasimama kushoto, mkono juu ya kiti ili Ami asikae. Mimi pembeni.

Fundi akajifunika kile kitambaa cheusi. Akakaa humo muda kidogo, akatoka, akatutazama. Kisha akafungua kamera.

Ami akanong'ona, "Kombo, toa mkono wako."

"Toa wako kwanza."

"Mimi ni mkubwa wako!"

"Mkubwa wa nani?"

Vichwa vinageuka huku na huku, majoho yanapepea. Mimi nikajizuia, nikajizuia, nikashindwa, nikacheka mpaka mabega yakaruka.

Fundi akafunga kamera akasema basi.

Alipoleta picha, wazee waliigombania kwa shauku. Kisha wakaipeleka kwenye mwanga. Kulia wingu, kushoto wingu, pembeni kijiwingu, ndiye mimi. Kiti kimetoka safi. Na nyuma ya kiti, kwenye upenyo wa pazia, mkono wa kulia wa mwanamke, na ile pete yake ya fedha, umeshika sindano juu ya kofia isiyokwisha. Hata nyuzi unazihesabu.

Ami Shee akamgeukia Fundi. "Ulimuona?"

"Nilimuona," akasema Fundi Kaitani. "Ndiye peke yake aliyefanya nilichosema."

Wazee wakaapa picha haiendi. Aibu! Mama akatoa mkono ule ule nje ya pazia na kusema, "Ilete hapa." Nikampa. Hakuna aliyebisha, sijui kwa nini.

Picha ikaenda kwa meli.

Msafiri yule yule aliporudi tena kutoka Unguja, wazee wakamuwahi hapa barazani, Mama yu nyuma ya dirisha. Akasema Athumani ameitundika ukutani, kila mgeni anaonyeshwa. "Huyu ni mama yangu." Wageni humuuliza yupi, mbona hapana mtu? Huweka kidole kwenye ule mkono. Siku ya kwanza aliubusu, akalala mpaka jua likatoka.

"Na sisi?" akauliza Ami Shee.

"Wageni huuliza pia, mawingu haya ni nini? Husema, hao ni wazee wangu, nao hawajambo."

Nyuma ya dirisha Mama alicheka mpaka akakohoa.

Nilichojifunza: kabla hujaazima joho, muulize anayeiomba picha anataka kumuona nani.

Haya wakuu, mwenye picha ya ukoo ambayo wazee wote wametulia ailete tuione, nami nitaamini kwa mato yangu tu. Huku kwetu sote hatujambo. Safari hii ni kweli.