Ngome Aliyoiona Mama kwa Mdogo Wangu

Mama alifika kwangu Toongabbie, huku kusini mwa dunia, akitokea Uingereza, alikokaa miezi miwili kwa mdogo wangu. Nilimpikia samaki wa nazi. Alipomaliza kula, badala ya kuniuliza habari zangu, akaanza kusimulia ngome.

"Warumi waliijenga ufukweni kuzuia maharamia," alisema. Alikuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu, na sauti ya darasani ikamrudia. "Wakaondoka, kuta zikabaki. Karne nyingi baadaye mabwana wengine wakajenga kasri katika kona ya ngome ileile. Wahangaike na ukuta mpya wa nini, na wa Warumi umesimama?"

Mwanangu akamuuliza kwa Kiingereza kama kulikuwa na mizimu.

"Kulikuwa na wafungwa wa vita," Mama alimjibu kwa Kiswahili. "Wengine watu weusi kama sisi, waliotekwa visiwa vya Karibi. Wakafungiwa humo na baridi ile."

Nikakusanya sahani. Wiki nzima ikawa ni ngome tu, hata kanisani, mbele ya rafiki zangu. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu, na tangu utotoni vizuri vyote vilikuwa vyake. Sasa hata Warumi walikuwa wake.

Nikaomba likizo hospitalini ninakofanya kazi. Tukapanda treni hadi mjini, nikampeleka kwenye kambi ya zamani walikokuwa wakilala wafungwa walioletwa nchi hii kwa meli kutoka Uingereza. Niliichagua makusudi, nami niwe na wafungwa wangu. Mama alizunguka vyumba vyote, akapapasa matofali.

"Pazuri," alisema. "Ila hapa ni pa juzi tu, mwanangu. Kule kwa mdogo wako..."

"Mama, naomba leo usinitajie kwa mdogo wangu."

Akanitazama. Tukakaa kwenye benchi uani.

"Kwani unadhani alinipeleka yeye?" aliuliza. "Alikuwa kazini, zamu juu ya zamu. Nyumba kimya tangu asubuhi. Nikapanda basi peke yangu. Kesho yake nikarudi, na kesho yake tena, mpaka mzee wa mlangoni akanizoea, akawa ananieleza habari za pale. Ningeshinda wapi?"

Nilifurahi, sikatai. Furaha yenyewe haikudumu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungempigia simu umgombeze."

Kweli ningempigia. Hapo wivu ukanirudia kwa njia nyingine. Mama alikuwa ameugeuza upweke wake kuwa hadithi nzuri ili mdogo wangu asilaumiwe, nami sikujua kama angenisitiri mimi hivyo. Sikuthubutu kumuuliza. Nilimnunulia chai.

Jioni mdogo wangu alipiga simu. Mama akaiweka simu kwenye spika, akamsimulia kambi yote: vitanda vya turubai vilivyoning'inizwa, panya walioburuta vitambaa vya watu chini ya sakafu wakavifanya viota.

"Dada yako aliomba ruhusa kazini anipeleke," alimwambia.

"Mlishinda wote?" mdogo wangu aliuliza taratibu.

"Kutwa nzima."

Akaanza kujitetea kuhusu zamu zake. Nikatoka jikoni, nikaichukua simu mkononi mwa Mama, nikamuuliza mdogo wangu zamu zake zikoje siku hizi, na kama anapata muda wa kulala.