Figo za Baba Zilipopata Mia na Arobaini

Daktari aliweka karatasi mezani, akavua miwani, akamtazama baba yangu kama mtu anayetazama mbuzi juu ya paa.

"Mzee," akasema, "kwa mkojo huu, figo zako zimepata mia na arobaini. Hizi ni figo za mwanariadha wa miaka ishirini na mitano."

Baba yangu ana miaka themanini na miwili. Ana kilo arobaini na tisa, tena akiwa na viatu.

Akatabasamu mpaka meno yote manne yakaonekana.

Kwenye kiti cha pembeni, mume wangu akaanza kutokwa jasho.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka. Na mimi watu wananijua, si mtu wa kuchezewa akili hovyo.

Haya, tuanze tangu ilipoanzia.

Baba yangu mtaa mzima unamwita Refa. Alichezesha mpira wa madaraja ya chini kwa miaka thelathini na moja, na kwa mawazo yake hajastaafu. Filimbi iko shingoni mpaka leo. Chai ikichelewa, filimbi. Wanangu pacha wakikimbizana sebuleni, filimbi. Siku ya harusi yangu alimpulizia mshereheshaji aliyezidisha muda, na yule kaka wa watu akakaa chini kweli.

Alihamia kwangu moyo wake ulipoanza kudunda bila mpangilio. Mara mbio, mara unasita, kama gari lenye mafuta machafu.

Daktari akatueleza bila kuzungukazunguka. Ni mwanamama wa makamo, hana maneno mengi, nilimpenda siku ile ile.

"Moyo ukidunda hivi, damu inaweza kuganda ndani yake. Bonge likipanda kichwani, ni kiharusi. Kuna dawa ya kuzuia, nataka aianze. Shida ni kwamba dawa hiyo inatolewa mwilini na figo. Figo zikiwa zimechoka nikampa dozi kubwa, itajazana na atavuja damu ndani kwa ndani. Figo zikiwa nzima nikampa ndogo, haitamkinga. Kwa hiyo siandiki kitu mpaka nijue figo zake zina nguvu kiasi gani."

"Si mmemtoa damu?" nikauliza.

"Tumemtoa. Kompyuta ya maabara imekadiria nguvu ya figo ni themanini na nne; kijana mzima hupata kama mia."

Baba akarusha mikono juu. "Goli!"

Daktari akanitazama.

Ikabidi nimweleze. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alipimwa figo mwezi uliopita akapata sitini na moja. Tangu siku hiyo hatujalala. Amempigia kila mtu simu. Hata muuza gesi anajua figo za baba mdogo.

"Themanini na nne siiamini," daktari akasema.

"Unakataa goli?" Baba akasimama. "Kwa kosa gani?"

"Kaa, mzee wangu. Misuli ya mwili kila siku hutoa takataka, inaitwa kreatinini. Figo huisafisha. Tukiikuta kidogo kwenye damu, tunasema figo zinafanya kazi. Sasa wewe huna misuli. Takataka yenyewe ni chache tangu mwanzo. Figo zako zinasifiwa kwa kufagia nyumba isiyo na vumbi. Kompyuta imeona namba tu, haijakuona. Mimi nimekuona."

Baba akajitazama mikono, akakaa.

Daktari akatukabidhi chombo cha lita tatu. Tukusanye mkojo wa saa ishirini na nne, wote, tuulete, aone figo zinatoa nini hasa.

"Wote," akarudia. "Mkikosa hata mara moja, semeni. Tutaanza upya. Hakuna atakayechapwa."

Mimi Jumamosi nina zamu mpaka saa kumi jioni. Kwa hiyo asubuhi nikampanga baba kama askari. Haja ya kwanza akaimwaga chooni, nikaandika saa: saa moja kamili. Kuanzia hapo kila tone ndani ya chombo, mpaka kesho saa moja. Chombo kikae kwenye friji, chini, ndani ya mfuko mweusi.

Nikabandika karatasi kwa herufi kubwa: SI JUISI. ATAKAYEHARIBU NITAMJUA.

Mume wangu akabaki nyumbani kama msimamizi. Ni fundi wa matairi ya malori, kilo tisini na sita, mabega hayapiti mlangoni bila kugeuka. Mtu wa kuogopwa, lakini baba mkwe akikohoa tu, yeye anasimama.

Niliporudi jioni, nikafungua friji. Chombo kimejaa karibu mpaka shingoni.

"Baba! Leo umekunywa bwawa?"

"Figo zimeamka," akajibu, macho kwenye televisheni.

Mume wangu akaenda kuosha vyombo. Bila kuambiwa.

Jamani, mwanamke mwingine angeshajua hapo. Mimi nikashukuru nimepata mume.

Jumapili nikapeleka maabara. Jumatatu tukaitwa, ndiyo siku ile ya mbuzi na paa.

Tuendelee.

Baba bado anatabasamu. "Mia na arobaini. Daktari, naomba uniandikie kwa kalamu nyekundu. Na muhuri."

"Subiri kwanza." Daktari akavaa miwani. "Mzee wa kilo arobaini na tisa, kwa siku, natarajia takataka ile iwe kama nusu gramu. Humu iko karibu gramu mbili. Hiyo inahitaji misuli. Misuli hiyo iko wapi?"

Baba akakunja mkono kuonyesha. Ulikuwa kama mpini wa mwiko.

"Ninavyoona," daktari akagonga karatasi, "humu ndani mko wawili."

Nikamtazama baba. Baba akatazama feni. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kama mtu mwenye mtihani kesho.

"Baba. Umechanganya na mkojo wa nani?"

"Refa hahojiwi."

"Baba!"

"Uamuzi wa uwanjani ni wa mwisho."

Daktari hakupandisha hata sauti. "Sawa, mzee. Kama unasema wote ni wako, nauandika ni wako. Ila kuna jambo jingine. Maabara walichovya kijiti, mkojo huu una sukari tele. Basi nakuandikia kisukari. Kuanzia leo chai kavu, bila sukari. Soda marufuku. Keki marufuku. Asali, marufuku."

Baba yangu anaweka vijiko vinne kwenye kikombe kimoja. Anakoroga, anaonja, anaongeza cha tano.

Uso wake ukapita rangi zote.

"Sukari si yangu!" akafoka, kidole kimenyooka pembeni. "Ni ya huyu! Ya huyu hapa! Niliingiza sabu!"

"Baba!" mume wangu akaruka. "Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana mkojo, hatukukubaliana sukari!"

Nesi aliyekuwa anapita mlangoni akarudi nyuma kusikiliza vizuri.

Ikatoka yote. Jumamosi ile, mimi nimetoka tu getini, baba akasahau akajisaidia chooni. Saa nne akasahau tena. Akakumbuka ile karatasi yangu ya friji. Akaingiwa na hofu.

"Uliandika utanijua!" akaniambia. "Na daktari amekataa goli langu la kwanza. Nikienda na chombo nusu nitapata ishirini, mdogo wangu atanicheka mpaka kaburini. Nikaona mkwe ana mwili wa maana, achangie kidogo."

Nikamgeukia mchangiaji. "Na wewe ukakubali?"

"Mama Pacha, ningemkataliaje? Alinisubiri mlangoni mwa choo na filimbi!"

"Mara ngapi?"

"Kila nilipokwenda."

"Nimeuliza mara ngapi."

Akahesabu kwa vidole, vikamwishia. "Kama... kumi na moja. Nyingine tulimwaga, chombo kilikuwa kimejaa."

Nikafungua mdomo nimpe zake. Daktari akaniwahi kwa kuinua mkono. Alikuwa hamtazami tena baba.

"Kumi na moja kwa siku moja?" akamuuliza mume wangu. "Tangu lini?"

"Muda kidogo. Nakunywa maji sana, daktari. Gereji ina joto."

"Umepungua?"

"Suruali zimelegea. Nikasema ni kazi."

Nami nilikuwa nimezipunguza suruali mbili kwa mkono wangu, huku namsifia kwamba kitambi kinaondoka.

Wakamtoboa kidole. Kamashine kadogo kakahesabu, kakaandika sukari kumi na tisa. Daktari akasema hata mtu aliyetoka kula hatakiwi kufika kumi na moja.

Nilileta mgonjwa mmoja, sasa nina wawili, na wa pili ndiye aliyeendesha gari.

"Tumewahi," daktari akasema. "Hana kidonda, macho yanaona. Angekaa miezi mingine sita hivi, tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Nyinyi wawili mmefanya upuuzi mkubwa, lakini upuuzi wenyewe umemleta hapa."

Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, sukari yako ilipimwa kwenye damu wiki iliyopita. Iko safi. Nilijua si yako."

"Ulijua?" Baba akashika kifua. "Sasa mbona umenitisha?"

"Nilitaka mwenye sukari atajwe kabla hamjatoka. Ningekuuliza kistaarabu ungeniambia habari za uwanjani."

Baba akamgeukia mume wangu, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Mwanangu," akasema.

Miaka kumi na minne ya ndoa, hajawahi kumwita hivyo. Kawaida ni "wewe" au "huyo".

Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi nikatafuta kitambaa kwenye mkoba.

"Umeona?" Baba akaendelea. "Bila mimi ungekufa."

Kitambaa nikakirudisha.

Tukaanza upya. Safari hii niliomba ruhusa kazini, nikaweka stuli nje ya choo, nikakaa na kalamu. Kila baba alipoingia, niliingia na chombo, nikatoka nacho, nikaandika saa. Alilalamika kwamba anakabwa. Nikamwambia ndiyo, na bado.

Chombo hakikufika hata nusu. Majibu yakaja: thelathini na nane.

Si themanini na nne ya kompyuta. Si mia na arobaini ya wanaume wangu wawili. Thelathini na nane, ya mzee mmoja aliyekonda.

Daktari akampa dozi ndogo. Nikamuuliza, kwa ile namba ya kwanza ingekuwaje.

"Ningempa kamili," akasema. "Na baada ya wiki chache mngemrudisha kwa machela, tunamtafutia damu ya kuongezewa."

Hilo sikulicheka. Mpaka leo silicheki.

Sasa asubuhi nawapanga mezani kama watoto. Baba kidonge chake kidogo, na vijiko viwili vya sukari, si vitano. Mume wangu dawa yake na chai kavu. Baba anakoroga taratibu, kwa kelele, makusudi, mwenzake asikie. Mkwe anavumilia. Suruali zimeanza kumbana tena.

Wenzangu, nawaambia wazi. Ukimpeleka mzee wako kupimwa figo, ile namba si heshima wala aibu, ni kipimo cha dawa. Sema umri wa kweli, uzito wa kweli. Mkikosea, semeni mmekosea, muanze upya. Na usiandike vitisho kwenye friji kama mimi, wazee wanatuogopa kuliko tunavyodhani.

Na kama una mtu ndani anayekwenda chooni mara kumi na moja kwa siku, usimpe chombo. Mpeleke akapimwe.