Taa ya Papa Kalenga

Nilipokuwa mtoto pale Kamina, usiku mmoja jenereta ya Papa Kalenga ilikohoa mara moja ikanyamaza, na mpaka leo nikisikia mashine ikikohoa hivyo nakunja ngumi.

Mtaa mzima uliijua jenereta ile. Ilipoanza kunguruma baada ya bukari, ugali wetu wa jioni, tulijua nyuma ya ukuta wake wa mabati watu wamejazana mabenchini kutazama filamu za kupigana. Vita ilikuwa imetusogelea. Ndege zilishusha askari pale Base, kambi ya jeshi, mchana kutwa. Bado watu walilipa kuona watu wengine wakivunjana mifupa. Nkambo, mama yake baba yangu, hakukanyaga pale. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Wamethodisti, tena Muluba wa Mulongo, na aliniambia: "Jicho nalo iko na tumbo. Ukilizoesha damu ya picha, siku moja litaomba ya muntu."

Usiku ule jenereta ilipokatika tulingoja kusikia watu wakizomea. Badala yake vifijo viliendelea, vikazidi. Nkambo aliacha kubambua karanga.

"Mashini imekufa," alisema. "Sasa banashangilia nini?"

Walikuwa wanamtazama baba yangu mdogo, mtoto wa mwisho wa Nkambo. Alikuwa ametembea kutoka Mulongo na mzigo wa samaki wakavu, ndevu zimemwota njiani, miguuni viatu vya askari alivyobadilishana na mtoro fulani wa jeshi. Watu waliotoka kwenye filamu iliyokatika katikati ya pigano walikutana naye barabarani. Mmoja akasema "infiltré", yaani adui aliyejipenyeza, neno ambalo siku zile liliua watu bila kesi, na duara likafungwa. Waliopiga walikuwa wachache. Wengine walitazama. Naye Papa Kalenga, ambaye kazi yake ilikuwa kuonyesha, alileta taa yake ya mafuta akaiinua juu, ili na wale wa nyuma waone.

Alimjua. Baba mdogo ndiye aliyempigia misumari mabenchi yale. Walioshuhudia walisema alimwita kutoka chini, "Papa Kalenga, ni minyi, unanijua," na taa haikushuka.

Kwetu marehemu huitwa. Jina lake hutajwa nyumbani mpaka azaliwe mtoto wa ukoo wa kulichukua, naye arudi kupitia kwake. Asiyeitwa hutangatanga akitafuta mlango. Baada ya mazishi Nkambo alitukusanya jikoni.

"Jina lake halitatoka katika kinywa cha muntu wa nyumba hii," alisema. "Tukinyamaza, ataenda kuzaliwa kwa bale balimuua. Bamulee beo benyewe."

Tukalifungia jina kinywani kama mbegu chungu.

Mvua za mwaka uliofuata, binti ya Papa Kalenga alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alilia, akakataa ziwa. Pale dispensari hawakuona ugonjwa. Mchungaji aliomba, kilio kikabaki. Ndipo wamama wazee wakampakata na kumtajia wafu wa ukoo wao mmoja mmoja, maana mtoto akinyamaza na kunyonya kwa jina fulani, huyo ndiye aliyerudi. Walimaliza upande wa mama, wakamaliza upande wa baba. Kilio kilifika kwetu kwa njia ileile iliyopitisha vifijo vya usiku ule. Nami nilikisikiliza kama wimbo.

Jioni moja Papa Kalenga alikuja, binti yake nyuma, kitoto mgongoni kimebaki na sauti ya paka. Habari ilikuwa imemtangulia. Majirani walijaa uani kwetu, wengine na vigoda vyao, na miongoni mwao niliona nyuso za lile duara.

"Leo filamu ni bure," mmoja alisema, na watu wakacheka chinichini.

Papa Kalenga alipiga magoti. "Mama, mutoto anakufa. Utupatie jina ya kwenu, hatuwezi kuitaja bila ruhusa yako."

"Jina gani?"

"Unajua, Mama."

"Minyi najua. Na weye unajua. Weye njo ulishika taa." Nkambo alikuwa amekaa, mikono mapajani, taa yetu ikiwaka mezani kando yake. "Sema, kwa nini uliinua?"

"Tuliogopa miezi yote, Mama. Kila siku muntu anangoja zamu yake. Pale, kila mumoja alijua leo si yeye. Bakaniambia, inua, hatuone. Nikainua."

"Paza sauti, Papa," mtu akadai. "Huku nyuma hatusikie."

Nkambo aligeuka polepole kuelekea sauti ile. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu. Kisha akainama akapuliza taa yetu. Uani kukawa giza tupu, na nikasikia watu wakisonya, kama pale mkanda unapokatika.

"Utamuita weye," alisema. "Yeye alikuita, haukuitika. Sasa muite."

Nimesoma tangu siku ile. Najua kitoto hunyamaza kwa sababu nyingi, nami siwezi kuapa ni nani aliyerudi mgongoni kwa binti yule. Neno la Papa Kalenga ndilo nililobeba. Mtu huenda kutazama damu ili ajue si yake, na akishajua hivyo, utamu wake haumtoki. Nimeelewa, lakini sijasamehe. Maana mimi pia gizani nilikodoa macho, nikitaka kumwona Papa Kalenga akilia, na kwa miaka nilimkasirikia Nkambo kwa kuninyima uso wake. Yeye alijua adhabu ile ilikuwa kati ya wawili tu, Papa Kalenga na marehemu. Sisi wengine wote tulikuwa watu wa nyuma.

Kitoto kilikwaruza kilio kimoja zaidi. Papa Kalenga alivuta pumzi, na kwa sauti ndogo, ya mtu anayebisha mlango asioutaka ufunguliwe, aliita:

"Mwilambwe."