Mtamba Tuliompa Fundi wa Fibre

Kwenye ukuta wa nyumba yetu, upande wa jikoni, kuna msumari mkubwa ambao siku hizi hauna kazi. Kwa muda mrefu ulibeba bunda la waya mweusi uliozungushwa vizuri kama kamba ya kufungia ndama, ncha yake imefunikwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki ili maji yasiingie. Nimeuchukia msumari ule kuliko watu wengi ninaowajua. Nimewahi kushika koleo niung'oe, kisha nikaacha, kwa sababu baba huupapasa akitoka nje asubuhi apate kujua kona ya nyumba ilipo.

Sisi ni watu wa ng'ombe, hapa Kirolirwe. Tunakamua, tunauza maziwa, na yanayobaki tunayatengeneza jibini. Nyumbani kwetu simu ilikuwa ya kuangalia saa tu. Ukitaka kuongea na mtu, unapanda kilima cha malisho mpaka juu kabisa, kwenye jiwe moja tunaloliita rezo, na hapo ndipo mtandao unapatikana. Ukibahatika, hata sura ya mtu inaonekana, ingawa inakatika-katika.

Baba alikuwa akikipanda kilima hicho kila Jumapili baada ya ibada, ili aongee na mdogo wangu, binti yake pekee, aliyeondoka msichana na sasa anaishi Bulaya, kwa wazungu, na familia yake. Miaka hiyo simu yetu ilikuwa ndogo ya vibonyezo, ya sauti tu. Siku tulipopata simu yenye kioo, magoti ya baba yalikuwa yameshachoka, na macho yake yalikuwa yameanza kumtoroka.

Mganga wa macho alisema ni presha ya macho. Dawa ingechelewesha kidogo, lakini kilichokwisha kupotea hakingerudi, hata kwa kupasuliwa. Ugonjwa huo huanza kula pembeni na kuacha katikati, kwa hiyo baba alikuwa anauona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Tundu hilo lilikuwa linaendelea kuziba, ila bado lilitosha uso wa mtu mmoja kwenye simu.

Na uso aliokuwa anautaka ulikuwa mmoja. Mimi nilipanda kilimani, nikapokea picha za dada, nikamteremshia. Aliziangalia kwa adabu, akanirudishia simu.

"Picha haijibuke," aliniambia. "Ata ya marehemu unaiangaliaka. Mi nataka nimuangalie, na yeye aone kama niko namuangalia."

Basi mwaka ule wakaja watu wa fibre. Walichimba mtaro kando ya barabara kubwa, wakalaza waya wenye nyuzi za kioo ndani yake, wakisema utafika Kalembe na hatimaye Walikale. Kila mwenye nyumba karibu na barabara aliyetaka mtandao wa kasi nyumbani kwake angeweza kuunganishwa. Sisi hatuko karibu sana na barabara, malisho mawili yanatutenganisha, lakini baba aliposikia kwamba kwa waya huo mtu anaweza kuongea na Bulaya akiwa amekaa kitini, sura ikatulia bila kukatika, hakulala tena vizuri. Tuliomba. Tukalipa walichotaka. Tukakata mikaratusi yetu wenyewe kwa ajili ya nguzo, mimi na ndugu zangu, tukaisimamisha kukatisha malisho.

Fundi aliyekuja alikuwa kijana wa Goma, mcheshi, mwenye kofia ya plastiki na viatu vizuri. Aliuvuta waya kutoka barabarani, nguzo kwa nguzo, mpaka ukutani kwetu. Alifunga kisanduku cheupe sebuleni. Tulimpa maziwa ya mtindi, akanywa akaomba tena. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha nyuzi za kioo kwenye ule waya mkubwa wa barabarani. Hapo akajikuna kichwa.

"Mashini ya kuungia fibre ilibakia Goma, Papa. Nitairudilia wiki iyi. Iko kazi ya saa moja tu."

Baba alichukua fimbo yake, akaenda zizini, akasimama katikati ya ng'ombe, akiwaangalia mmoja mmoja kupitia kile kitundu chake. Alirudi ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mtamba wa rangi ya kahawia mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa wa uzao wa ng'ombe aliyemlea dada kwa maziwa yake mama alipokuwa mgonjwa. Mimi nilijua kilichokuwa kinatokea, lakini hayo si mambo ambayo mtoto anamkataza baba yake.

Kwetu ng'ombe hapewi mtu kama unavyompa bakshishi. Ukimpa mtu ng'ombe, umemwingiza nyumbani mwako. Shida yako ni shida yake. Ataleta habari ng'ombe akizaa, atakuja kwenye harusi na kwenye kilio, na akitaka watu wamwamini ataapa kwa jina lako, wewe uliyempa. Na wewe hutamfuata kumuuliza chochote, maana kumuuliza ni kusema kwamba humwamini.

Fundi aliijua desturi hiyo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Angekuwa mgeni asiyejua kitu, ningemsamehe. Lakini alivua kofia, akaipokea kamba kwa mikono miwili, akainama, akasema yale maneno ya shukrani vilevile yanavyotakiwa kusemwa. Kisha akaapa.

"Kwa huyu Papa mwenye ananipatia ng'ombe, wiki iyi haiishe mbele sijarudia."

Akazungusha waya uliobaki, akautundika kwenye msumari, akafunga ncha yake na plastiki. Akaondoka na mtamba wetu.

Wiki iliisha. Ikaisha na nyingine. Kila nilipofungua mdomo, baba alikuwa ameshamwombea fundi udhuru. Mvua imenyesha, magari hayapiti. Njia imefungwa, si unasikia milio ya bunduki? Labda anauguza. Labda mashini imeharibika. Mzee yule ambaye alikuwa anaweza kumtukana mchungaji wa kanisa kwa kuchelewesha ibada, kwa fundi wa fibre akawa mpole hata nikashindwa kumtambua.

Nilimwambia ninakwenda Goma kwenye ofisi yao. Alinikatalia.

"Muntu mwenye nilishapatia ng'ombe, siendake kumushitaki. Unataka waniseme nini?"

"Papa, macho yako njo inaisha, haiko ya wale watu!"

"Macho ni yangu. Na jina ni yangu."

Nikaja na njia nyingine. Tuna kipoyi, kile kiti cha kubebea wagonjwa mabegani. Ndugu zangu na mimi tungembeba mpaka kwenye jiwe la rezo, dada angekuwa anasubiri upande wa pili, hata kama sura ingekatika angemwona kidogo. Kidogo kilikuwa kinatosha! Niliwakusanya ndugu zangu asubuhi moja, anga safi, nikaandaa kipoyi na blanketi. Baba alitoka, akakipapasa kile kiti, akaelewa. Akageuka akarudi ndani.

"Fundi akikuja akute nimebebwa kule juu kama mugonjwa, atasikia haya," alisema. "Ataona kama sikumungojea."

Nilipiga teke kile kipoyi mpaka mguu wake mmoja ukavunjika. Sijui nilikuwa ninamkasirikia nani zaidi, mtu aliyetuibia au mtu aliyekataa kuibiwa. Ndugu zangu walirudi kwa ng'ombe wao bila kunitazama, na tangu siku ile hakuna aliyetaja tena habari ya kilima.

Jioni baba alikuwa akikaa chini ya ule msumari. Mwanzoni aliuangalia waya. Baadaye akawa anaugusa. Kuna siku nilimpa kikombe cha maziwa, akanyoosha mkono upande ambao kikombe hakikuwepo, nikauchukua mkono wake nikamshikisha. Tundu lilikuwa limeziba. Alibaki na mwanga tu, wa kumwambia dirisha liko wapi na mlango uko wapi.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, nilikuta mafundi wengine barabarani wakiunganisha kituo cha afya. Sikumuuliza baba. Niliwashika mkono wakati wanataka kufunga vifaa vyao, nikawaambia kwamba waya uko tayari mpaka ukutani, na wao wakaja bila ubishi wowote. Mmoja alifungua mashini ndogo ambayo ingeingia kwenye kapu la viazi, akaunganisha zile nyuzi za kioo, mwenzake akawasha kisanduku sebuleni. Taa ya kijani ikawaka. Maziwa niliyowatengea yalikuwa bado yana joto la ng'ombe.

Baba alikuwa amekaa kitini mwake. Aliposikia kwamba kazi imekwisha, uso wake wote ulifunguka.

"Yule kijana amewatuma?"

"Kijana gani, Papa?" mmoja wa mafundi aliuliza.

"Mwenye nilipatiaka ng'ombe. Ya kahawia, na baka ku uso. Iko namna gani? Ilishazala?"

Fundi alicheka. Sio cheko la ubaya. Alikuwa mtu mwema, alitaka kumfurahisha mzee.

"Aa, ile ng'ombe! Kumbe njo wewe Papa! Yule aliishaacha kazi. Ile tulikulaka nyama yake ya brosheti pale Sake, sisi wote, ile wiki alitoka huku. Ilikuwa tamu sana. Asante, Papa."

Mikono ya baba ilikuwa imeshika kichwa cha fimbo. Halafu akasema, "Karibu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyosema kwa mtu yeyote anayemshukuru kwa chakula. Nilimsindikiza yule fundi haraka mpaka barabarani, kwa sababu nilikuwa naogopa mikono yangu.

Niliporudi nikamwandikia dada ajiandae, kisha nikampigia. Sura yake ikaja mara moja, kubwa, safi, kila unywele unaonekana. Bulaya imemnenepesha mdogo wangu, mashavu yamejaa, shingo imekuwa na mikunjo, anafanana na mama miaka ile ya mwisho. Alikuwa amevaa kitenge na hereni. Alijua kwamba leo ndiyo leo. Habari ya macho nilikuwa nimemwambia nusu tu, kwamba yanasumbua, maana baba alinikataza nusu nyingine.

Nilimshikia baba simu mbele ya uso. Yeye aligeukia dirishani, kwenye mwanga.

"Papa, uko naniona?"

"Niko nakuona, mama. Niko nakuona muzuri."

Dada alianza kulia na kucheka. Baba akatabasamu kuelekea dirisha, na akasema kile ambacho kila baba wa kwetu humwambia mtoto aliyekuwa mbali.

"Lakini umekonda. Umekonda sana. Hawakupatiake chakula huko?"

Niliona macho ya dada yakihama kutoka kwa baba, yakafuata upande alikokuwa anatazama, yakanitafuta mimi nyuma ya simu. Akafuta yale mashavu yake mapana kwa kiganja.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Nimekonda. Iko baridi ya huku."

"Ukule," baba akamwambia. "Ukule, mama."

Waliongea mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Mtandao ulikuwa mzuri sana siku ile, haukukatika hata mara moja.